Ndege ya Majini Katika Ukumbi wa Mapokezi

Fundi alifuta kwa kiganja unga wa mbao uliotanda juu ya meza yake, akaikunjua michoro ya ndege niliyompelekea, akaikandamiza pembe zake kwa patasi mbili na kopo la gundi, kisha akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Tulikuwa katika karakana yake Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo kwa kawaida huunda mitumbwi ya wavuvi na kuchonga vitanda. Alipoinua kichwa aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu.

"Mwalimu, hii tuiweke ikiwa inaruka au ikiwa imetua?"

Nilimwomba anipe muda. Majuma kadhaa yamepita tangu siku hiyo, na swali lake halijaniacha, kwa sababu kila nilipodhani nimepata jibu niliona kwamba nimejibu swali jepesi kuliko lile aliloliuliza.

Kampuni moja ya usafirishaji wa mizigo hapa Mwanza inaandaa ukumbi mpya wa mapokezi unaotazama ziwa, na mkurugenzi wake aliniomba nimsaidie kupata modeli ya ndege itakayokaa ndani ya kabati la kioo katikati ya ukumbi huo. Wazo lake la kwanza lilikuwa ndege kubwa ya kisasa ya injini za jeti, iliyopakwa rangi za kampuni. Ni wazo la kawaida, na ndege ya namna hiyo mmeiona katika ofisi nyingi: nyeupe, inang'aa, pua imeinuliwa, fimbo ya chuma iliyopinda imeishikilia kutoka chini. Imetengenezwa vizuri na hutazamwa kwa raha. Hata hivyo ingeweza kuwekwa Nairobi, Dubai au Johannesburg bila kubadilishwa chochote, na mgeni aliyekwenda Mwanza angeondoka bila kuambiwa na ndege hiyo kwamba amefika Mwanza.

Nilimpendekezea ndege nyingine kabisa.

## Kituo cha mwisho

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilifungua safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika Mashariki, na kituo cha mwisho cha njia hiyo kilikuwa Mwanza. Haikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Abiria aliondoka Croydon, uwanja wa ndege wa London, akabadilisha vyombo mara kadhaa njiani, treni ikiwa mojawapo, na kutoka Khartoum akapanda ndege ya majini, yaani ndege inayotua na kupaa juu ya maji, aina ya Short Calcutta, iliyofuata Nile kuelekea kusini mpaka kwenye maji haya tunayoyatazama kila siku.

Calcutta iliundwa na kampuni ya Short Brothers huko Rochester na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1928. Mwezi Agosti mwaka huohuo moja ilitua katika mto Thames, ikafungwa mbele ya Bunge la Uingereza ili wabunge waikague. Ilikuwa na jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, injini tatu za Bristol Jupiter zilizosimamishwa katikati ya jozi hizo, kiwiliwili cha aloi ya alumini chenye umbo la mashua, na nafasi ya abiria 15. Abiria waliketi ndani, lakini marubani waliketi mahali pasipo na paa, wakipigwa na upepo na mvua kwa safari nzima.

Heshima ya Mwanza kuwa kituo cha mwisho haikudumu. Januari 1932 barua zilipoanza kupelekwa mpaka Cape Town, na abiria wakafuata mwezi Aprili, njia ilitoka Kisumu ikapita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya kwa ndege za nchi kavu. Mwaka 1937 ndege kubwa zaidi za majini, zile za Short zilizoitwa Empire, zilipoanza kwenda Durban, zilitua Port Bell na Kisumu, kisha zikaelekea pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mwanza ilikuwa mwisho wa njia kwa muda usiotimia mwaka mmoja, na leo unaweza kutembea kutoka kivuko cha Kamanga mpaka Jiwe la Bismarck, ukapanda Capri Point, usione alama yoyote ya jambo hilo.

Hakuna Calcutta hata moja iliyobaki duniani.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililobadilisha namna ninavyoifikiria kazi hii. Modeli ya ndege ambayo bado ipo ni ukumbusho. Anayeitilia shaka anaweza kwenda uwanjani akaitazama ndege yenyewe. Modeli ya ndege iliyokwisha kutoweka hubeba mzigo mkubwa zaidi, kwani kwa mtoto wa Nyamagana au Ilemela atakayesimama mbele ya kabati lile, huo ndio mwili pekee wa ndege hiyo atakaouona maishani mwake, na chochote tutakachokiweka pale kwa kukisia atakichukua kuwa kweli.

## Biashara ya ndege ndogo

Kazi ya kutengeneza modeli kwa ajili ya ofisi ina historia yake. Kuanzia miaka ya 1930 mashirika ya ndege yaliweka modeli kubwa katika madirisha ya ofisi za tiketi na ya mawakala wa safari, na baadhi zilikatwa ubavu mmoja ili viti, meza na hata vyoo vionekane, maana wateja wengi hawakuwahi kuingia ndani ya ndege na walihitaji kuona kwamba humo mtu huketi kama sebuleni. London ilikuwa na karakana ya Westway. California ina Pacific Miniatures, iliyoanzishwa mwaka 1946. Huko Ufilipino, katika jimbo la Pampanga, wachongaji wa mbao walijenga ufundi wao kwa kuwachongea askari wa Marekani waliokuwa katika kambi ya anga ya Clark. Wamarekani walipoondoka mwaka 1991, wachongaji waliendelea na wateja wa dunia nzima, na hata sasa mahogani ya Pampanga imetua juu ya meza za wakurugenzi wengi ambao hawajui ilikotoka.

Mkurugenzi alikuwa tayari kuagiza nje. Utaratibu ni rahisi: unatuma picha na rangi, unatumiwa mchoro, unaukubali, unalipa, sanduku linafika. Kwa ndege za sasa ganda la modeli huwa limekwisha kuwapo, na kinachobadilika ni rangi na maandishi tu, ndiyo maana bei yake huwa nafuu na kazi huenda haraka. Kwa Calcutta ni lazima mtu aanze kwenye michoro, apime, akate, akosee, arudie. Nilipoliona hilo nilijiuliza kama kuna sababu ya huyo mtu kuwa mbali.

Sababu niliyoitegemea ilikuwa kwamba hapa hatuna mchongaji wa ndege. Fundi wa Kirumba aliiondoa sababu hiyo kwa kuweka kidole kwenye mchoro mmoja.

"Huu mkuku nauelewa," alisema, akionyesha uti wa chini wa kiwiliwili. "Na hapa ni mataruma, mbavu zake. Lakini hapa tumboni wamekata kidato, kama ngazi. Mtumbwi ukiukata hivi utakwenda polepole. Wamekata kwa nini?"

Nilimweleza kwamba chombo kinachokimbia juu ya maji ili kiruke hung'ang'aniwa na maji tumboni, na kwamba kidato kile huvunja mshiko huo kwa kuingiza hewa kati ya maji na ubapa wa nyuma, ili ndege iweze kujinasua na kupaa. Alinyamaza kidogo, akachukua penseli, akachora mstari wa maji ndege ikiwa imesimama, kisha mstari mwingine ikiwa inakimbia. Mistari yote miwili ilikuwa sahihi. Sidhani kama mchongaji wa modeli za jeti, hata awe hodari namna gani, angelisoma tumbo lile kwa haraka kiasi hicho, kwa kuwa yeye husoma ndege, na kile kilikuwa nusu ndege na nusu mashua.

Tangu hapo sikurudi tena kwenye tovuti za nje.

## Ukubwa

Mkurugenzi alitaka kubwa. Alitaja skeli ya 1:24, yaani modeli iwe ndogo mara 24 kuliko ndege halisi, ambayo ingetupa mabawa ya sentimita 118, na ninamwelewa, kwa sababu ukumbi wake ni mpana na dari lake liko juu. Mimi nilipendelea 1:48. Katika majumba ya makumbusho skeli zinazozoeleka zina faida ambayo mtu haioni mpaka awe na vitu viwili: zikifanana, mtazamaji hulinganisha bila kufikiri. Skeli hizi, pamoja na ile maarufu ya 1:72, zilizaliwa kutokana na futi na inchi. Katika 1:72 inchi moja husimama badala ya futi sita, na katika 1:48 robo ya inchi husimama badala ya futi moja. Calcutta yenyewe ilichorwa kwa futi, mabawa yake yakiwa futi 93, yaani mita 28.35.

Nilipokuwa nikipiga hesabu hizo ndipo nilipoona kitu ambacho sijawahi kukisoma popote.

Ndege za Dash 8 Q400, zile za pangaboi ambazo Air Tanzania ilianza nazo upya mwaka 2016, zina mabawa ya mita 28.4. Ni urefu uleule, tofauti ikiwa ni sentimita chache tu. Ukiziweka Calcutta na Q400 juu ya meza moja kwa skeli ya 1:48, kila moja itakuwa na mabawa ya sentimita 59, na mtazamaji atajiuliza mwenyewe imekuwaje urefu uleule wa bawa ukabeba watu 15 kwa mwendo wa kilomita 150 hivi kwa saa mwaka 1931, na leo ukabeba watu 76 kwa mwendo unaozidi kilomita 600. DC-3, ambayo East African Airways iliitumia kati ya kuundwa kwake mwaka 1946 na kuvunjika kwake mwaka 1977, ina mabawa ya karibu mita 29. Nayo ingeingia katika safu hiyo bila kusukumwa. Dreamliner, ile jeti ambayo mkurugenzi alianza nayo, ina mabawa ya mita 60, na kwa skeli hiyo ingechukua sentimita 125 na kuzimeza zote.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea 1:48, na hii ni maoni yangu tu. Modeli kubwa sana huonekana kutoka mlangoni, mtu akaridhika akiwa mlangoni, akaenda kuketi kusubiri. Modeli ya sentimita 59 humlazimisha asogee, ainame kidogo, atafute. Ninachokitaka katika ukumbi ule ni mtu anayetafuta.

Hapa kwetu kubadili ukubwa wa kitu ili kiseme jambo si ugeni. Pale Bujora, Kisesa, katika Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, kuna jengo lililopewa umbo la kiti cha mtemi. Aliyelibuni alichukua kitu cha kukaliwa na mtu mmoja akakikuza mpaka watu wakaingia ndani yake, na mgeni anaelewa uzito wa utemi kabla ya kusoma kibao chochote. Sisi tunakwenda upande wa pili, kutoka kikubwa kwenda kidogo, na tunapaswa kujiuliza kwa uzito uleule ni nini kinachobaki baada ya kupunguza.

## Kile ambacho hesabu inakifuta

Skeli ikifuatwa kwa ukali hufuta vitu vingi. Ufa wa milimita 3 kati ya mabati mawili ya kiwiliwili huwa milimita 0.06, mwembamba kama unywele. Ribiti, ile misumari ya kuunganishia mabati, hupotea kabisa. Ukizichora zote, kama wafanyavyo wengi ili mteja aone kazi iliyofanyika, ndege huonekana kama imevaa deraya. Usipochora hata moja, huonekana kama sabuni. Nilikaa na jambo hili muda mrefu kuliko lilivyostahili, pengine, lakini liko katikati ya uaminifu wa kazi yenyewe: mtengenezaji wa modeli hawezi kupunguza kila kitu sawasawa, ni lazima achague cha kukitia chumvi ili jicho lipate kile ambacho lingekipata mbele ya ndege halisi.

Tulikubaliana na fundi kwamba mistari ya mabati ionekane kwa mwanga wa kupita ubavuni tu, na kwamba ribiti zibaki pale ambapo kwenye picha za zamani zinaonekana kwa macho ukiwa umesimama umbali wa boti.

Rangi ina matata yake. Kitu kidogo kilichopakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi, kwa hiyo watengenezaji huongeza nyeupe kidogo. Hilo ni la ufundi. Gumu zaidi ni kwamba picha za wakati ule ni za nyeusi na nyeupe, na filamu nyingi za enzi hizo ziliipokea rangi nyekundu kama karibu nyeusi na buluu kama karibu nyeupe, kiasi kwamba mtu anayeisoma picha kwa macho ya leo anaweza kupaka kinyume kabisa. Nimeomba kibao cha modeli kiseme waziwazi ni rangi zipi zimethibitishwa na zipi ni uamuzi wetu. Mkurugenzi aliona kwamba maelezo ya namna hiyo yataitia kazi doa. Nilimjibu kwamba makumbusho yanayoheshimika hufanya hivyo, na kwamba mgeni anayeambiwa pale tulipoamua wenyewe ataamini zaidi yale tuliyoyasema kwa uhakika.

Alitaka pia nembo ya kampuni mkiani. Hapo sikulegea. Ndege ile ilikuwa na mwenye nayo, ilikuwa na herufi zake za usajili, na kuivika nembo ya kampuni iliyozaliwa miongo mingi baadaye ni kumdanganya yule mtoto niliyemtaja. Nembo itakaa kwenye kitako, kwa shaba, mahali ambapo kampuni inasema kwa haki kabisa kwamba ndiyo iliyogharimia. Alikubali, na ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu fedha ni zake.

Kuhusu vifaa, fundi amechagua mninga kwa kiwiliwili, mbao nyembamba zilizobandikwa moja juu ya nyingine kisha zikachongwa na kukombwa ndani, kwa kuwa mninga hautembei sana unyevu unapobadilika. Silinda za injini, tisa kwa kila Jupiter na 27 kwa jumla, hazifai kuchongwa kwa mkono. Zitatoka kwenye printa ya 3D na kupigwa msasa mpaka matabaka ya uchapaji yafutike. Ziko pia nyaya nyingi zinazokaza mabawa. Waya wa milimita 10 katika ndege halisi huwa milimita 0.2 katika skeli yetu, na huo ndio unene wa mshipi mwembamba wa kuvulia unaouzwa hatua chache kutoka mlangoni kwa fundi. Nilifurahi mno kwa wazo hilo, mshipi wa Mwaloni ukishikilia mabawa ya ndege ya London. Fundi alilikataa. Nailoni hunywa unyevu na kulegea, alisema, na baada ya masika mawili mabawa yatakuwa yamening'inizwa nyuzi zisizokaza chochote. Tutatumia waya wa chuma cha pua.

## Kabati

Hili nalipita haraka, ingawa ndilo linaloua modeli nyingi. Ukumbi unatazama magharibi, jua la jioni hurudi kutoka ziwani na kuingia mpaka ukutani, na rangi yoyote iliyo katika njia yake itapauka. Kabati litakaa nyuma ya nguzo, na taa zake hazitazidi lux 200 (lux ni kipimo cha mwanga), kiwango ambacho makumbusho hukitumia kwa mbao na vitu vilivyopakwa rangi ya mafuta. Kitako cha ndani kisiwe cha mbao tupu, kwa sababu mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi ambao ukifungiwa ndani ya kioo hula metali. Modeli za meli zenye vipande vya risasi zimewahi kugeuka unga mweupe ndani ya makabati mazuri kabisa. Milango iwe na mipira ya kuziba, kwa maana kila mtu wa hapa anajua wale wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi na kufuata taa, hakuna tundu wasiloingia.

Urefu wa meza uwe sentimita 80, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu waione ndege ubavuni na si tumboni.

## Tarehe 6 Novemba 2022

Kwa muda mrefu jibu langu kwa fundi lilikuwa moja: iwe juu ya maji. Ndege ya majini ikiinuliwa kwenye fimbo ya chuma hupoteza nusu ya maana yake, kidato cha tumbo huwa pambo, na umbo la mashua huwa kituko. Nilikuwa tayari kumpelekea jibu hilo. Nilimweleza mkurugenzi mbele ya dada wa mapokezi, ambaye ndiye atakayeketi akilitazama kabati lile kila siku ya kazi. Yeye ni mwenyeji wa Kagera. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shikamooni wakubwa zangu, mnisamehe. Ndege iliyo ndani ya ziwa, mimi nimeshaiona."

Hakuhitaji kuendelea. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na manusura 24 wanaijua thamani ya mitumbwi hiyo kuliko mtu yeyote anavyoweza kuieleza.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina jibu. Nilifikiria kuachana na Calcutta na kukubali jeti nyeupe, ambayo haimuumizi mtu. Nilifikiria kuiinua angani na kuacha tumbo lake libaki fumbo. Nikafikiria pia kwamba huenda nilikuwa nikitetea historia ya abiria wachache wa kikoloni mbele ya msiba wa majirani zangu, na kwamba mizani hiyo haikuwa sawa. Hata ndege zenyewe za Calcutta hazikuwa na historia safi. Mojawapo, iliyoitwa City of Khartoum, ilianguka baharini karibu na Alexandria usiku wa tarehe 31 Desemba 1935, na watu 12 wakafa. Anayechagua herufi za kuandika ubavuni mwa modeli anachagua pia mwisho wa ndege hiyo.

Kilichonisaidia ni kuitazama upya picha ya ile Calcutta iliyofungwa katika Thames mwaka 1928. Nilikuwa nimeitazama mara nyingi kwa ajili ya mabawa. Safari hii niliona maji yaliyo kati ya ndege na ukingo. Ndege ya majini iliyofungwa kwenye boya haijafikisha abiria mahali popote. Kati ya mlango wake na nchi kavu lazima kiwepo chombo kingine, na wawepo watu wanaokiendesha, wanaojua upepo wa saa ile na mahali penye mawe. Hapa Mwanza, pwani yenye mawe mengi kama hii, ujuzi huo ulikuwa na wenyewe. Historia ya njia ile imeandikwa kwa majina ya ndege na ya marubani. Watu wa kile chombo cha pili hawamo.

Siku iliyofuata nilimuuliza yule dada kama angeweza kuiangalia ndege iliyofungwa kwenye boya, mlango ukiwa wazi, boti ikiwa ubavuni, na watu wakishuka salama kwa kupokewa mikono.

Alifikiri. "Hao wanaowapokea wataonekana?"

Nilimwambia wataonekana.

"Basi hiyo sawa," alisema. "Lakini andikeni ni mwaka gani, mtu asije akadhani."

## Walioko kwenye boti

Kwa skeli ya 1:48 mtu wa kimo cha sentimita 170 huwa na sentimita tatu na nusu. Sura haichongeki kwa ukubwa huo. Mkao wa mwili unachongeka: namna mtu anavyotanua miguu ili boti isiyumbe, namna anavyonyoosha mkono mmoja huku mwingine umeshika ukingo wa ndege. Naona hivyo ni haki zaidi. Hatuna picha za nyuso zao, na kuwabunia nyuso kungekuwa kosa lilelile la rangi na nembo, ila safari hii lingewahusu watu.

Fundi nilipompelekea jibu alitikisa kichwa, akaniambia kwamba upande ambao boti inakaa haupangwi kwa uzuri. Kwa upepo wa mchana unaotoka ziwani, ndege iliyofungwa puani kwenye boya itageuka na kuuelekea upepo, na boti yenye mwendeshaji mwenye akili itaingia kutoka nyuma, chini ya bawa, huku ikiogopa mapangaboi. Kwa hiyo mlango, boti, mawimbi na hata pembe ya kitako ndani ya ukumbi vyote vinafuata upepo. Amenichorea. Mchoro wake sasa umebandikwa pamoja na ile ya Short Brothers, na mafundi wa kioo wamepewa nakala ya yote.

Mkurugenzi ameidhinisha gharama ya ndege moja, boti moja na watu wake. Q400 hakuikataa, alisema tuizungumze mwaka ujao wa fedha. Nimeomba meza itengenezwe kwa upana wa ndege mbili tangu sasa, kitako cha Calcutta kikae upande wa kushoto na nafasi ya kulia iachwe wazi, na ombi hilo amelitia saini.